Jinsi ya Kusafisha na Kutia Oili Cheni ya Baiskeli Nyumbani

Baiskeli nyingi ninazoletewa zikiwa na cheni inayolia hazikukosa oili. Zimetiwa oili, tena nyingi, lakini juu ya uchafu. Pitisha kidole kwenye cheni yako, kisha kisugue na kidole gumba. Ukisikia chengachenga ndani ya ule weusi, huo ni mchanga uliochanganyika na oili, na unafanya kazi ya msasa: kila ukikanyaga pedali, unakula chuma.

Kabla hujashika kitu, ijue cheni yenyewe. Kila kiungo kina vibamba pembeni, pini katikati, na rola inayozunguka juu ya pini. Msuguano uko ndani, kati ya pini na rola, na huko ndiko oili inakotakiwa. Nje inatosha utando mwembamba tu wa kuzuia kutu.

Andaa mafuta ya taa nusu kikombe, mswaki wa zamani, matambara matatu au manne, sabuni ya kuoshea vyombo, maji, glavu na oili ya cheni. Fanyia kazi nje, mbali na moto na sigara. Petroli usiitumie, mvuke wake unashika moto upesi mno.

Hatua ya 1: Futa kwanza
Pindua baiskeli isimame kwa usukani na kiti, au iegemeze mahali imara. Shika cheni kwa tambara kavu, zungusha pedali kinyumenyume mara ishirini hivi. Kama breki yako ni ile ya kukanyaga nyuma, inua gurudumu la nyuma na uzungushe kwenda mbele, polepole, vidole vikiwa mbali na meno.

Hatua ya 2: Sugua
Chovya mswaki kwenye mafuta ya taa, usugue cheni juu, chini na pande zote mbili, kipande kwa kipande. Usimimine mafuta, hasa karibu na frii (kile kinachobeba meno ya nyuma) na ekseli, kwa sababu yakipenya humo yanaosha grisi ya gololi, na hapo umejitafutia kazi kubwa kuliko ya cheni. Kwangua pia uchafu ulioganda kwenye meno ya mbele na ya nyuma. Ukiuacha, cheni safi itachafuka siku hiyohiyo.

Mafuta yaliyotumika usiyamwage. Yaweke kwenye chupa yenye alama yatuame. Kesho uchafu utakuwa chini, na yale ya juu utayatumia tena.

Hatua ya 3: Osha, kausha
Pitisha maji ya sabuni, suuza, futa. Acha ikauke kabisa, ikiwezekana juani saa moja au mbili. Maji yakibaki ndani ya rola, oili haiingii vizuri na kutu itaanzia humo.

Hatua ya 4: Pima
Sasa cheni ni safi, kwa hiyo ikague. Kutoka pini hadi pini ni milimita 12.7. Weka sifuri ya rula katikati ya pini moja, uhesabu nafasi 24. Cheni mpya itasoma milimita 304.8, yaani inchi 12 kamili. Ikifika 307 imekwisha, ibadilishe kabla haijala meno. Kwa baiskeli yenye gia 11 au 12 nyuma, usingoje ipite 306. Watu husema cheni imevutika. Kwa kweli ni pini na matundu yake vilivyolika.

Hatua ya 5: Tone moja kwa kila rola
Hapa usiwe na haraka. Tafuta kile kiungo cha kuungia, au tia alama ya chaki, ujue ulipoanzia. Dondosha tone moja juu ya kila rola, upande wa ndani wa cheni, ule unaogusa meno. Ukitazama kwa karibu utaona tone limekaa kidogo juu ya rola, kisha linazama pembeni, kwenye mwanya wa kibamba. Likizama, nenda rola inayofuata. Ukimaliza mzunguko, zungusha pedali dakika moja, uiache dakika kumi au zaidi.

Grisi haipenyi. Mafuta ya kupikia yanageuka gundi. Oili chafu ya injini imejaa masizi na unga wa chuma. Oili ya cherehani inaingia vizuri, ila haidumu. Na oili yoyote isiguse rimu wala diski ya breki, breki zitateleza.

Hatua ya 6: Futa tena
Hii ndiyo wengi wanairuka, na ndiyo naisisitiza kuliko zote. Chukua tambara safi, futa nje ya cheni mpaka kidole kikiigusa kisitoke na weusi wala ute. Hupotezi kitu, oili ya ndani inabaki ndani.

Ukipigwa na mvua, kausha cheni na uitie oili jioni ileile. Siku za kawaida sikiliza: ikianza mlio mkavu wa kukwaruza, rudia kuanzia hatua ya kwanza.