Jinsi ya kutoa maoni ya muvi mpaka mtu ajue aangalie au aachane nayo

Dada yangu aliniomba muvi ya Jumapili, nikamjibu "hii kali sana utaipenda", maneno manne basi, nikaendelea na shughuli zangu. Yeye akaiweka sebuleni mchana baada ya chakula, mama mkwe wake kakaa kwenye kochi, watoto chini kwenye mkeka, na kabla nusu saa haijafika ikaja ile sehemu ambayo mi niliiona peke yangu usiku na wala sikuikumbuka. Rimoti ikatafutwa haionekani. Shemeji akainuka akasimama mbele ya tv mpaka ile sehemu ikaisha, na mama mkwe akasema anaenda kuswali wakati Alasiri bado. Dada hakuniambia siku ile, aliniambia baada ya mwezi, na nilijisikia vibaya kweli, maana muvi yenyewe ilikuwa nzuri, tatizo ni kwamba mi sikusema kitu chochote kuhusu ile muvi, nilisema tu kwamba mi niliipenda.

Toka hapo nikajifunza kutoa maoni kwa namna nyingine na sa hivi ndugu na marafiki wananiuliza kabla hawajatumia bando lao, kwa hiyo naandika hapa ninavyofanya.

Cha kwanza kabisa, sema umeangalia wapi na kwa lugha gani. Watu wanaruka hiki kitu wakati kwetu ndo kikubwa kuliko vyote. Wengi wetu tumekulia kibanda umiza, vile vibanda vya kuonyeshea video, tumeangalia muvi za Kichina na za Kihindi zimetafsiriwa na DJ anayeongea juu ya picha, huku Bongo tulikuwa na Lufufu, Kenya wana DJ Afro, Uganda wana mavj wao kibao, na mi nazipenda hizo kazi kwa moyo wote, lakini ukiangalia muvi iliyowekewa sauti ya DJ umeangalia kazi mbili kwa wakati mmoja. Yule DJ anaongeza utani, anampa stelingi, yaani mhusika mkuu, jina la kitaa, anaeleza anachofikiria adui wakati adui mwenyewe kakaa kimya, na muziki aliouweka mwenye muvi unazama chini. Sehemu ya huzuni inaweza ikawa ya kuchekesha na ukaondoka unaamini ni muvi ya vichekesho. Sasa ukija kumwambia mtu "hii inachekesha mbavu hazina kazi" afu yeye akaipata ile orijino yenye sabutaito tu, atalala dakika ya kumi na atakuona muongo. We sema tu wazi, nimeiangalia ya DJ fulani, ya orijino sijaiona. Inatosha.

Halafu tafuta sehemu moja. Moja tu. Hapa ndo kuna kazi yenyewe na nitakaa hapa kidogo. Muvi ikiisha usikimbilie simu, kaa kama dakika tano hivi ujiulize ni sehemu gani imebaki kichwani bila kuilazimisha, na ukishaipata ieleze kama ulivyoiona, nani kasimama wapi, kashika nini, kasema nini, kanyamaza saa ngapi. Watu wanadhani maoni ni sifa, stori kali, waigizaji wako vizuri, picha safi. Hayo maneno unaweza kuyabandika kwenye muvi yoyote ile duniani na yatakaa vilevile.

Mfano, Parasite ya Korea, ya Bong Joon Ho, ile ya 2019 iliyochukua Oscar ya filamu bora 2020 ikawa ya kwanza isiyo ya Kiingereza kuichukua. Ukiniuliza kwa nini naiona kubwa sikutajii tuzo, nakwambia kuhusu mvua. Kuna usiku baba na watoto wake wawili wanatoka kwenye nyumba ya matajiri wanarudi kwao wakilowa, na kamera inawafuata wanashuka ngazi, wanamaliza hizo wanashuka nyingine, wanapita chini ya daraja, wanashuka tena, na maji ya mvua yanashuka pamoja nao kila hatua, mpaka wanafika kwenye chumba chao ambacho nusu kiko chini ya ardhi, na maji yote yale yamefika kabla yao, choo kinafoka, vitu vinaelea. Kesho yake mama tajiri yuko kwenye gari anaongea na simu kwa furaha kwamba mvua ya jana imekuwa baraka, hewa imekuwa safi, na anayemwendesha ni yule yule baba aliyelala nje ya nyumba yake. Anamsikia kila neno. Uso wake pale kwenye usukani sijausahau mpaka leo. Mtu yeyote wa Jangwani au Msimbazi pale Dar, mtu yeyote ambaye masika yanamkuta anapandisha godoro juu ya kabati, ataelewa hiyo sehemu bila sabutaito. Na ona, sijakwambia kwa nini wanakimbia usiku ule. Hiyo utaikuta mwenyewe.

Nyingine ni Nairobi Half Life ya 2012, ya Tosh Gitonga. Stelingi anaitwa Mwas, kijana wa kijijini anataka kuwa mwigizaji, na mwanzoni kabisa tunamkuta anauza DVD za muvi za kizungu. Anaziuzaje? Anaziigiza. Anaruka, anapigana, anaanguka, watu wamemzunguka, jukwaa hana, nguo za kuigizia hana, ana mwili wake tu na ile sauti. Mi nikiona ile sehemu naona madj na mavj wote na watoto wote wa vibandani waliotoka wakirusha mateke barabarani. Ndani ya dakika chache ushajua huyu mtu anataka nini maishani na hakuna mtu aliyekaa akakueleza. Hiyo ndo naiita sehemu ya kumtajia mtu. Kwa ndugu zangu wa Tanzania naongeza kitu, Sheng imo nyingi sana mule, weka sabutaito usione aibu.

Kitu cha tatu ambacho kinawagombanisha watu bure ni kuchanganya "sijaipenda" na "mbovu". Mi muvi za mizimu siangalii, naogopa, usiku nashindwa kwenda chooni, kwa hiyo ukinisikia nasema sijaipenda ya mizimu usinisikilize, hapo naongelea woga wangu. Ila nikisema kwenye muvi fulani mtu kaingia mlangoni na shati la bluu akatokea ndani na jeupe, au wanaongea ufukweni upepo unapiga maiki mpaka huwasikii, hilo ni kosa la kazi na linamhusu kila mtazamaji. Ukiandika maoni tenganisha hayo mawili, andika hivi mimi sizipendi za namna hii, ila kwa anayezipenda imetengenezwa vizuri. Ni haki tu kwa wale waliofanya kazi.

Hapo hapo kwenye haki niingize tamthilia za Kituruki maana zinasemwa vibaya sana. Watu wanasema zinavuta, zinakatika katikati ya sentensi, mtu kafungua mdomo tu imeisha. Kwao Uturuki episodi moja inarushwa mara moja kwa wiki na inachukua masaa mawili na zaidi, afu zikiuzwa nje zinakatwakatwa vipande vya dakika arobaini na kitu. Kwa hiyo pale inapokatika siyo aliyeiandika alipotaka ikatike. Ile ya Sultan Suleiman ambayo nyumba nyingi zilikuwa zinafunga kazi jioni kuiangalia kwa Kiswahili, mi maoni yangu ni kwamba waliotia sauti za Kiswahili walifanya kazi kubwa kuliko wanavyosifiwa, mtu wa ikulu anaongea kama mtu wa ikulu, mtumwa anajua kunyenyekea, na bibi yangu ambaye hajawahi kusoma sabutaito hata moja alikuwa anabishana na wake wa sultani kama anabishana na majirani. Ukiitolea maoni hiyo, toa maoni ya sauti pia.

Sizoni nazo zina sheria yake. Sema umefika wapi. Mtu aliyeangalia sizoni mbili za kwanza na mtu aliyemaliza hawaongelei kitu kimoja. Game of Thrones ina sizoni nane, episodi 73, na kila mtu anasema mwisho wameharibu, sawa, lakini wameharibu nini? Mi jibu langu ni hesabu. Sizoni sita za kwanza zilikuwa na episodi kumi kumi, ya saba ikawa na saba, ya nane ya 2019 ikawa na sita. Mwanzoni mtu akisafiri kutoka kaskazini kwenda mji mkuu unasafiri naye, ananyeshewa, anagombana njiani, anabadilika, anafika akiwa mtu mwingine. Mwishoni mtu anaaga na sehemu inayofuata kashafika. Kwa hiyo hata yale maamuzi makubwa ya mwisho, ambayo mi binafsi sioni kama ni mabaya, yanakuja kama mtu kasukumwa, maana ile safari ya kumfikisha pale imekatwa. Ukisema hivo mtu anaweza kukubishia kwa hoja. Ukisema "wameharibu" atakujibu "hawajaharibu" na mtakesha.

Kwa muvi iliyotoka kwenye kitabu, usiseme haifanani na kitabu, hakuna inayofanana. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ya 2021 imetoka kwenye riwaya ya Adam Shafi, na tulioisoma shuleni tulienda tukiwa na Yasmini wetu kichwani na Denge wetu na Mwajuma wetu. Kitabu kina mizunguko mingi, muvi imechagua wachache na imewaacha wakae kimya muda mrefu, na Unguja ya usiku ya miaka ya hamsini inaongea badala yao, taa, kuta, taarabu. Mi nilimkosa Mwajuma wa kitabuni, yule mwenye mdomo na huruma kwa pamoja, nilitaka nikae naye zaidi. Swali la kujiuliza ni moja, kilichoachwa kimeacha shimo au hakijaacha? Kwa ambaye hajasoma hakuna shimo. Kwa niliyesoma lipo dogo. Sema yote mawili.

Sasa zetu. Hapa naomba tusikilizane maana naipenda hii kazi. Kuna watu wakiona Bongo Movie wanadharau kabla haijaanza, na kuna wengine wanasifia kila kitu eti tuwasapoti vijana wetu, na wote hawamsaidii aliyekaa usiku kucha anakata picha. Tulizoea toka enzi za Kanumba, aliyetutoka Aprili 2012, kununua Part 1 afu unaenda kutafuta Part 2, na muziki umefunika maneno, na tulivumilia kwa sababu tulijiona mule ndani, ile ndo shangazi yangu, ile ndo baa ya mtaani kwetu. Kwa hiyo mi kipimo changu kwa zetu ni kile kile cha Wakorea, natafuta sehemu moja, nataja kosa moja, na kosa nalitaja pale lilipo, siandiki "sauti mbovu", naandika "kwenye ugomvi wa jikoni sikusikia mama kasema nini na ndo neno lililobadilisha kila kitu". Mtengenezaji akisoma hivyo anajua arekebishe wapi.

Kuhusu kuspoili, sheria yangu ni robo ya kwanza. Muvi ya masaa mawili, nusu saa ya mwanzo unaruhusiwa kuisimulia, baada ya hapo unaeleza sehemu bila kusema imefikaje na inakwenda wapi, kama nilivyofanya pale kwenye mvua. Na kama kuna mtu anakufa, nyamaza hata kama muvi ni ya zamani, maana kila siku kuna mtu anaiona mara ya kwanza.

Mwisho lazima useme iangaliwe na nani na saa ngapi. Watoto, wazazi, wakwe, peke yako, mchana, usiku, kuna kulia, kuna damu, kuna mambo ya chumbani, ndefu kiasi gani. Kwa kweli hiki ndo nilichomnyima dada yangu. Juzi kaniuliza tena, nikamwandikia hivi:

"Dada, tafuta Supa Modo, ya Kenya, ya Likarion Wainaina, 2018. Fupi, dakika 74. Kiswahili kipo, Kikikuyu na Kiingereza vimo pia, nimeiangalia na sabutaito. Kuna kabinti kanaitwa Jo, kana miaka tisa, kanaumwa ugonjwa wa kuondoka nao, mama yake anakatoa hospitali anakarudisha nyumbani, na kenyewe kanapenda muvi za masupahiro kuliko kula. Dada yake ndo anaanza kukadanganya kwamba kana nguvu za ajabu. Angalia Jo anavyokitazama kile chombo cha chumvi mezani akiamini atakisogeza kwa macho. Mama mtu kuna mahali niliona anarudia neno lile lile, hapo nilichoka kidogo. Matusi hakuna, mambo ya chumbani hakuna, watoto wakae, mama mkwe akae, ila jirani yako aliyefiwa mwaka jana usimwite. Angalieni jioni mkishakula, maana baada ya hapo hakuna atakayekula."