Trico hakusikii? Acha kubonyeza hovyo

Kama unacheza mchezo wa video The Last Guardian (PS4, 2016) na Trico, yule mnyama mkubwa unayesafiri naye, amekaa tu anakutazama, pumzisha vidole. Mnyama yule anaendeshwa na kompyuta, ila ametengenezwa awe na hofu na hasira zake. Mpe amri moja, kisha subiri, ukimrundikia unamchanganya. Mimi nililaumu pedi ya kuchezea bure!

Akimaliza kupigana bado ana jazba. Mpande mgongoni, chomoa mikuki aliyochomwa, mmoja mmoja, halafu mpapase taratibu mpaka atulie. Akiishiwa nguvu, mtafutie yale mapipa anayoyala. Na akigoma mbele ya kioo cha rangi chenye umbo la jicho, si ukaidi huo, anakiogopa. Tangulia wewe ukakiondoe.