Kutenganisha chakavu kwa sumaku, mizani, tupa na maji

Rangi ndiyo inayowaponza wengi wanaoanza kukusanya chakavu. Koki inang'aa kama fedha kumbe ndani ni shaba. Waya mwekundu ukiukata unakuta alumini. Mabeseni mawili ya bluu yamefanana kama pacha, lakini moja likivunjika vipande vyake vinaelea na vya mwenzake vinazama. Kwa hiyo macho yaje mwisho. Tafuta sumaku, mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja, tupa, kisu na ndoo mbili.

Kwanza toa visivyochezewa: betri za gari (zina tindikali na risasi), taa za mrija (zina zebaki) na makopo ya dawa ya mbu ambayo bado yana gesi. Hivyo havipasuliwi wala havipondwi. Betri ndogo za tochi nazo ziokote kwa mkono mapema, maana ganda lake ni chuma na sumaku itazibeba moja kwa moja hadi kwenye rundo la chuma.

Sumaku

Sumaku ya spika mbovu inatosha. Itie ndani ya mfuko wa nailoni kabla ya kuanza. Ukimaliza, geuza mfuko uwe nje ndani huku ukiitoa sumaku, na vumbi lote la chuma linabaki humo. Bila mfuko utashinda unakwangua.

Kinachonaswa kwa nguvu ni chuma, hata kikiwa na rangi ya dhahabu: mikebe ya maziwa ya unga, vizibo vya soda, misumari, na zile bawaba za "shaba" ambazo shaba yake ni rangi ya juu tu. Pitisha sumaku sehemu tatu au nne za kifaa kimoja. Ikinasa mahali pamoja pekee, huenda kuna skrubu au springi ndani. Ifungue kwanza, usikitupe kifaa kizima kwenye chuma.

Stenlesi inasumbua. Masinki na sufuria nyingi za stenlesi hazinaswi kabisa, au zinanaswa kidogo pale zilipokunjwa, kwa sababu kukunja kunabadilisha mpangilio wa ndani wa chuma hicho. Nyingine zinanaswa kama chuma cha kawaida. Ukiona kitu cheupe kisichonaswa, usikimbilie kusema ni alumini. Kinyanyue. Kwa ukubwa uleule, stenlesi ina uzito karibu mara tatu ya alumini, na kisu kinachochimba alumini kirahisi kinateleza juu ya stenlesi.

Tupa na mizani

Kwa visivyonaswa, piga tupa mara mbili mahali pasipoonekana. Rangi nyekundu ni shaba nyekundu, ya njano ni shaba njano. Koki yenye kromu (ule mpako wa juu unaong'aa) ikitoa weupe wa kijivu chini ya kromu, hiyo ni aloi ya zinki, yaani zinki iliyochanganywa na metali nyingine, na ikichanganywa na shaba njano inaharibu rundo zima. Waya ukate upande kwa kisu na utazame kitovu chake; waya wa alumini uliopakwa shaba una ukingo mwekundu na moyo mweupe. Risasi haihitaji tupa. Ni laini hata ukucha unaacha alama, na ukiiburuta kwenye karatasi inaandika kama penseli. Ukiishika, nawa mikono kabla ya kula.

Pale tupa inapokuacha na shaka, pima hivi:

1. Pima kitu kikiwa kikavu. Tuseme koki ni gramu 430.
2. Weka bakuli la maji juu ya mizani, kisha bonyeza isome sifuri.
3. Ning'iniza koki kwa uzi hadi izame yote, bila kugusa chini wala kando. Mizani sasa inaonyesha ujazo wa koki kwa mililita.
4. Gawanya. Ikisoma 51, 430 ÷ 51 ni 8.4, hiyo ni shaba njano. Ikisoma 64, unapata 6.7, hiyo ni aloi ya zinki.

Alumini huja kama 2.7, chuma 7.9, shaba nyekundu 8.9, risasi 11.3. Kosa la kawaida ni hewa iliyonaswa ndani ya koki: ujazo unakuwa mkubwa kuliko halisi na shaba inaonekana kama zinki. Ifungue koki na uigeuzegeuze ndani ya maji hadi mapovu yaishe.

Plastiki kwenye maji

Namba ndani ya pembetatu, 1 hadi 7, inayochapwa kwenye plastiki kuonyesha aina yake, inasaidia pale ilipo. Isipokuwepo, kata kipande cha ukubwa wa ukucha kutoka kila kifaa.

Ndoo ya kwanza weka maji matupu na matone machache ya sabuni ya maji. Sabuni si ya kuoshea hapa. Inavunja ule utando wa juu unaobeba kipande chepesi hata kama kilipaswa kuzama. Zamisha kila kipande kwa kidole, kiachie, subiri. Jaribu na chupa moja ya maji ya kunywa: mwili unakwenda chini, kizibo kinapanda juu. Ndiyo maana viwanda husaga chupa na vizibo pamoja halafu vikaacha maji yatenganishe.

Vinavyoelea ni namba 2, 4 na 5. Dumu la njano la lita 20 ni namba 2, na ukucha unaacha mchoro juu yake. Namba 5 inang'aa zaidi na ukucha hauingii kirahisi; viroba vya kufumwa ni aina hii. Ila viti na mabeseni ya bei rahisi huongezwa unga wa chokaa, na hapo hata namba 5 inazama. Ikizama huku ikipinda bila kukatika, na sehemu iliyopinda ikageuka nyeupe, shuku chokaa.

Ndoo ya pili weka gramu 150 za chumvi kwa kila lita, yaani kilo moja na nusu kwa lita 10. Tia humo vilivyozama. Vijiko vya kutupa na miili angavu ya kalamu, ambayo huvunjika kwa mlio mkali, sasa vinaelea. Ganda la rimoti pia. Chupa (namba 1) na PVC (namba 3) vinabaki chini.

Hao wawili maji hayawatengi, wala chumvi zaidi haisaidii. Tumia umbo: PVC ni mabomba, dari na ganda la waya; chupa ya namba 1 ina kinundu kidogo katikati ya kitako. Kuwa mkali hapa, kwani namba 1 huyeyushwa kwenye nyuzi kama 250, joto ambalo PVC hulifikia ikiwa imeshaungua na kutoa asidi, na plastiki yote inageuka kahawia. Kwa sababu hiyohiyo usijaribu kuitambua PVC kwa kuichoma.