Chora hatua ya kwanza ya gemu kwa mtindo wa Shigeru Miyamoto

Kompyuta iache kwanza. Chukua penseli na karatasi ya grafu, kama wabunifu wa gemu Miyamoto na Takashi Tezuka walivyofanya kwa gemu ya Super Mario Bros. (1985) pale kampuni ya Nintendo, Kyoto, Japani. Skrini yao ilikuwa na upana wa miraba 16, kwa hiyo gawa karatasi hivyo.

Mhusika mweke kushoto, kulia pawe peupe. Mchezaji atajua pa kwenda bila maandishi. Kisha lete adui mmoja anayetembea polepole. Mchezaji akimgusa anakufa, ila amepoteza sekunde chache tu. Safari ya pili ataruka.

Uyoga, ule unaomkuza mhusika, ndio mgumu zaidi. Mchezaji aliyetoka kuuawa na Goomba, yule adui wa kwanza wa Mario, ataukimbia, maana wanafanana. Ndiyo maana katika 1-1, hatua ya kwanza ya Super Mario Bros., uyoga huelekea kulia, hugonga bomba na kumrudia; akijaribu kuuruka, matofali ya juu humzuia. Unamgusa, anakua, ameelewa. Bomba likikaa mbali mno, somo zima linapotea.

Shimo la kuua litanguliwe na pengo la umbo lilelile lenye sakafu, ajizoeze kuruka bila hofu.

Umbali wa kuruka unataka jicho lililozoea vipimo. Miyamoto hujifurahisha kwa kukisia urefu wa vitu kisha kuvipima kwa futikamba. Jaribu na meza yako.

Mwisho, mpe gemu mtu asiyecheza gemu kabisa. Kaa nyuma yake, usimwelekeze, na weka alama kwenye grafu kila anaposita.