Toa posho kwanza: namna ya kutoka katika deni ukiwa Lubumbashi

Ukiuliza nyumba yenye madeni inadaiwa kiasi gani, watakutajia jumla: dola 750, dola 1,000. Jumla hiyo inatisha lakini haikuonyeshi njia. Uliza hivi: mwezi mmoja ukiisha, ni feza ngapi zimekwenda kwa wanaotudai, na deni limebaki palepale? Jibu la swali hilo ndilo linaloamua uanze na nani.

Kazi inaanzia kwenye daftari la shule la kawaida. Baba na mama wakae pamoja, watoto wakiwa wamelala, wachore safu tano: anayetudai, kiasi kilichobaki na sarafu yake, riba ya mwezi mmoja, siku ya kulipa, na kile anachoshika mkononi (karte ya benki, simu, karatasi za lupango, yaani kiwanja). Deni la dola liandikwe kwa dola, la falanga kwa falanga. Ukigeuza yote kuwa sarafu moja siku ya kwanza, baada ya miezi miwili daftari litakuwa linasema uongo.

Kuna madeni ambayo watu hawayaandiki kwa sababu hawayaoni kuwa ni deni. Likelemba (upatu, mchango wa zamu) uliyokwisha kula zamu yake ni deni hadi mwanachama wa mwisho apate zake. Garanti ya nyumba (feza mliyomwachia mwenye nyumba mlipoingia) iliyoliwa badala ya kodi ni deni, maana siku mkihama haitarudi. Mali ambayo mama ameichukua kwa mkopo dukani kwa muuzaji wa jumla, kitenge cha sherehe kinacholipwa kidogo kidogo, vyote viingie. Acheni daftari wazi wiki nzima. Daima kuna deni moja ambalo mmoja wenu alilificha. Likitajwa siku ya nne, andikeni tu, maneno yasubiri. Mkigombana hapo, la pili halitatajwa kamwe.

Tuchukue nyumba ya watu 7 ili hesabu ionekane, na dola 1 iwe falanga 2,300. Wewe weka bei ya siku yako. Baba analeta dola 300 mwisho wa mwezi. Mama anauza soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, faida falanga 8,000 kwa siku, siku 25, yaani 200,000, karibu dola 87. Jumla 387. Matumizi: kodi 80, chakula 130, makala (mkaa) na maji na umeme 30, usafiri 30, masomo 25, kilio (misiba) na mambo ya ndugu 12, simu 5. Hiyo ni 312. Zinabaki 75.

Madeni yao: dola 100 za Banque Lambert (jina ambalo watu wanampa mkopeshaji wa mtaani), riba asilimia 40 kwa mwezi. COOPEC (ushirika wa akiba na mikopo) dola 400, wanalipa 50 kila mwezi, imebaki miezi 8. Butiki (duka dogo) ya barabarani falanga 92,000, yaani dola 40. Shule dola 60. Shemeji dola 150, bila riba. Tena mama yuko katika likelemba ya watu 10, dola 20 kwa mwezi, na zamu yake ni ya tisa.

Kila mwezi lazima zitoke 40 za riba, 50 za COOPEC na 20 za likelemba: 110. Walizonazo ni 75. Shimo ni dola 35, na hilo ndilo linalozaa deni la butiki. Baba anadhani familia inakula sana. Sivyo. Lile deni la dola 100, ambalo si kubwa kuliko mengine, linakula 40 kila mwezi, na baada ya miezi 5 wamelipa 200 huku bado wanadaiwa 100.

Nani alipwe mbele

Gawanya riba ya mwezi kwa deni lenyewe. Kwa Lambert, kila dola 1 unayopunguza inakuokolea senti 40 kila mwezi. Kwa shemeji inakuokolea aibu tu, na aibu haitozi riba. Kosa la kawaida kabisa ni kukimbilia kumlipa ndugu kwa sababu utakutana naye kwenye kilio Jumamosi. Mwendee, mwambie tarehe ya kweli hata kama ni mwakani, mpe dola 5 kama alama. Atanung'unika, lakini hatakuongezea kitu.

Kuna jambo moja linaloweza kuvunja mpangilio huo: anayeweza kukufukuza au kukuangusha mbele za watu. Kodi ya nyumba isipitwe. Mkopo wa COOPEC uliochukuliwa kwa kikundi cha kudhaminiana usipitwe vilevile, maana usipolipa wewe wanalipa jirani zako, na mlango huo hautafunguka tena. Hao wapewe kiasi chao cha mwezi, bila kuzidisha. Kila falanga inayobaki iende kwenye riba kubwa.

Sasa, dola 140 za kummaliza Lambert (100 na riba ya mwezi huo) zitoke wapi, na nyumba ina shimo? Haziwezi kutoka kwenye bukari (ugali). Ukijaribu kuzikusanya kwa kupunguza chakula, mwezi wa pili mtoto anaugua malaria na unarudi kwa Lambert. Zitafutwe mahali ambapo feza haina riba. Friza iliyolala kwa kukosa umeme, simu ya pili, baiskeli. Au likelemba: mama aombe kubadilishana zamu, tuseme ya tisa kwa ya tatu. Aende kwa mama msimamizi kabla ya siku ya kukutana, si mbele ya wote, akiwa na mtu wa kumdhamini na sababu moja iliyo wazi. Anayekubali kusubiri mara nyingi ni yule anayetunza feza za mwezi wa tisa, wakati wa kufungua shule.

Zamu ikija, wenzake 9 wanampa 180. Dola 140 ziende kwa Lambert siku ileile, 40 ziende butiki. Angalia hesabu ilivyogeuka: 312 za matumizi, 50 za COOPEC, 20 za likelemba, jumla 382. Zinaingia 387. Shimo la 35 limekuwa ziada ya 5, na mshahara haujaongezeka. Ila likelemba sasa ni deni: miezi 7, dola 140. Mama akichelewa mara moja tu, hatapata zamu ya mbele tena katika kikundi chochote cha mtaa huo.

Kama hakuna likelemba wala cha kuuza, zungumza na Lambert mwenyewe. Usiombe akusamehe, omba malipo yavunjwe: mwezi huu 40 za riba na 25 za mtaji (deni lenyewe), ili mwezi ujao riba ihesabiwe juu ya 75, yaani 30. Wengine wanakataa kwa sababu wanaishi kwa riba, mtaji wako hawautaki. Akikataa, usimwachie kiasi nusunusu. Kusanya kwingine hadi zitimie, ulipe mara moja. Na usikope kwa Lambert wa pili ili kumlipa wa kwanza: dola 50 kwa asilimia 40, riba isipolipwa ikaongezwa kwenye deni, ni 70 mwezi wa kwanza, 98 wa pili, na zaidi ya 137 wa tatu.

Kila malipo yawe na décharge, yaani karatasi ya kukiri kupokea. Iandikwe majina kamili ya wote wawili, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, sarafu, tarehe, kama ni riba au mtaji, kilichobaki, sahihi zenu na shahidi mmoja kila upande. Watu wengi wanaandika tu «nimepokea dola 40», na baada ya mwaka hakuna anayeweza kuonyesha zilikuwa za nini. Piga picha palepale, mtumie mkeo au mumeo. Ikiwa aliyekukopesha alishika karte yako ya benki na namba ya siri, kumaliza deni hakutoshi: rudi na karte siku hiyohiyo, ubadilishe namba kabla ya mshahara kuingia.

Posho

Wazee waliofanya kazi Gécamines, kampuni ya migodi, wanajua posho: unga ulitoka kwanza, feza baadaye. Mengi ya wakati ule hayarudi, lakini utaratibu huo unafaa. Mshahara ukifika, ndani ya saa 48 nunua unga wa mwezi mzima, makala na chumvi, kabla anayekudai yeyote hajabisha hodi. Nyumba yenye unga haikopi butiki, na butiki ndipo kilo inapouzwa kwa bei ya juu kuliko kote.

Watu 7 wanaokula bukari kila siku wanamaliza karibu kilo 2.5 za unga kwa siku, kwa hiyo mifuko 3 ya kilo 25 kwa mwezi. Pima kwako wiki moja kabla ya kuniamini. Ukinunua kwa kopo kila jioni, unalipia faida ya kila mkono uliogawa ule mfuko. Mahindi ya kwetu yanavunwa Aprili na Mei, na bei hushuka. Kuanzia Desemba hadi Machi hupanda, na mpaka wa Kasumbalesa ukibana unga wa Zambia unaruka hata zaidi. Mwenye nafasi anunue mahindi ya punje mwezi wa sita, yaliyokauka hadi yanalia yakimwagwa, ayaweke juu ya mbao mbali na ukuta, asagishe kidogo kidogo. Unga usiupange wa miezi mitatu: wadudu wataula. Makala vilevile, nunua mfuko mzima wakati wa kiangazi, maana mvua ikianza barabara zinaharibika na bei inafuata. Fungu dogo la barabarani kila siku ni mfuko ulionunuliwa kwa bei mbaya.

Hatari ya kununua kwa wingi ni kula kwa wingi. Mfuko ukikaa wazi jikoni, wa mwezi unaisha siku ya 19. Pimia wa wiki kwenye ndoo, mingine ifungwe chumbani. Ndoo ya wiki ikiisha siku ya tano, angalia mgeni, angalia mwiko, kisha rekebisha kipimo. Lawama hazijazi ndoo.

Mama anayeuza awe na hesabu ya pili, tofauti na ya nyumba. Kila Jumapili ahesabu mali iliyobaki kwa bei ya kununulia, feza taslimu, na madeni ya wateja wanaolipa kweli. Jumla ikishuka kutoka wiki iliyopita, zile falanga 8,000 hazikuwa faida, ulikuwa mtaji unaoliwa. Nyumba nyingi zinarudi kwenye deni kwa mlango huu, polepole, bila mtu kukopa.

Dola na falanga

Kanuni: feza ya deni ikae katika sarafu ya deni. Miaka kumi na zaidi iliyopita dola ilikuwa karibu falanga 920, mwaka 2018 ikafika 1,600, baadaye ikapita 2,800. Aliyekopa dola akauza kwa falanga aliumia. Mwaka 2025 ikageuka, falanga ikapanda ghafla, wakaumia wenye mshahara wa dola kwa sababu bei za soko hazikushuka kwa mwendo uleule. Usibashiri. Mama anayelipa likelemba ya dola anunue dola zake kila wiki, baba avunje kwa kambista (mbadilisha feza) kiasi cha wiki moja tu. Hesabu mbele yake, na kagua kila noti: dola yenye mpasuko hata mdogo utakataliwa nayo sokoni, na kuibadilisha kutakula sehemu yake. Feza zikiwa kwenye M-Pesa au Airtel Money, toa mara moja kwa wiki. Kila kutoa kuna makato.

Masomo yagawanywe kwa miezi 12, hata kama shule inafunga Julai. Msingi wa serikali ni bure tangu mwaka wa shule 2019-2020, lakini sare, madaftari na viatu si bure, na sekondari ina minervali (ada ya shule). Mwenye mtoto wa mwaka wa mwisho wa sekondari aongeze feza za Examen d'État, mtihani wa serikali wa kumaliza, tangu Septemba. Zile dola 60 za shule za nyuma, mwone préfet (mkuu wa shule) kabla ya majina ya wanaodaiwa kusomwa, na 20 mkononi na tarehe mbili za zinazobaki. Mtoto akishafukuzwa, maongezi yanakuwa magumu.

Kilio kiwe na bahasha yake, dola 12, na ikiisha imeisha. Nenda ukalinde usiku, kaoshe vyombo, peleka ndoo ya maji. Hakuna anayesahau aliyekuja.

Ile ziada ya dola 5 iende shule; mkivuna kidogo kwenye unga na makala, itafika 10 au 15. Likelemba ikiisha baada ya miezi 7, 20 zinafunguka. COOPEC ikiisha baada ya miezi 8, 50 nyingine. Mwezi huo ndipo televisheni mpya hununuliwa, kwa hiyo gawanyeni mapema: 25 kwa shemeji, atamaliza kwa miezi 6, na 25 katika bahasha ya mshahara unaochelewa, hadi ifike bei ya mifuko 3 ya unga na kodi ya mwezi mmoja. Siku ya malipo ya mwisho ombeni COOPEC karatasi ya kumaliza deni, na kama waliweka karatasi za lupango, msiondoke bila kuzishika mkononi.