Pima unywele wako kwa leza kabla hujauliza simu

Siku mwalimu wetu aliposema darasani kwamba chembe moja ya mwanga ikikutana na kizuizi haina njia moja, kwamba hesabu inatulazimisha kuhesabu njia zote mbili, ya kushoto na ya kulia, nilifunga daftari. Nilikuwa na hasira. Nilipanda kwa miguu kutoka Ibanda mpaka Kadutu, hapa mjini Bukavu, Kongo, ninakoishi na mama na wadogo zangu, nikijiuliza nani alinituma kuchagua fizikia. Usiku nikaiuliza programu ya akili mnemba kwenye simu. Ikanipa aya tano safi, nikazinakili zote. Wiki iliyofuata niliitwa ubaoni kueleza, nikasimama na chaki mkononi, neno halikutoka. Aya zile zilipita ndani yangu kama maji kwenye kitunga.

Kama somo hili limekufikisha hapo, jaribu nilichofanya mimi. Maabara haihitajiki. Unahitaji unywele mmoja, kikalamu cha leza nyekundu (changu nilikinunua sokoni Kadutu, franka 3,000, watoto wanachezea), rula, uzi wa mita 3, kibanio cha nguo, kipande cha boksi la sabuni na ukuta mweupe. Giza linahitajika pia, na kwetu Bukavu giza halitafutwi. Umeme ukikatika saa mbili usiku, ndiyo saa yako.

Kabla ya kugusa chochote, andika unachotarajia kuona. Usiruke hatua hii, maana ndiyo iliyonibadilisha. Mimi niliandika: "Kivuli chembamba cha unywele katikati ya nukta nyekundu." Niliweka tarehe na sahihi yangu.

Sasa toboa boksi tundu la upana wa kidole, nyoosha unywele wima katikati ya tundu, ushike juu na chini kwa karatasi ya gundi. Nywele zetu hujikunja, kwa hiyo uvute mpaka unyooke kabisa, la sivyo alama zitacheza ukutani. Laza leza juu ya vitabu, ibane kwa kibanio ili swichi ibaki imebonyezwa, kisha sogeza boksi taratibu mpaka mwanga uugonge unywele. Ukuta uwe mita 3 kutoka kwenye unywele. Pima kwa uzi, usikadirie kwa hatua.

Jambo moja la macho. Leza isielekezwe usoni mwa mtu hata sekunde moja, wala usiiangalie ikirudi kutoka kwenye kioo au sufuria. Maandishi ya nguvu yaliyobandikwa kwenye leza za bei ya chini mimi siyaamini. Wadogo zangu huwa nawakalisha nyuma yangu, na leza haiwashwi mpaka wote wamekaa.

Utakachokiona si kivuli. Ni mstari mrefu wa vipande vyekundu, kushoto na kulia, na kati yao giza, mwanga, giza, kwa nafasi zinazolingana. Unywele umesimama wima lakini mwanga umetawanyika kwa mlalo. Nilikaa chini. Mdogo wangu wa miaka tisa aliuliza, "Yaya, nani anakata ule mwanga?" Sikuwa na jibu, na sikuchukua simu.

Pima. Hesabu giza la nne upande wa kushoto na giza la nne upande wa kulia, chukua umbali kati yao, gawanya kwa 8. Mimi nilipata sentimita 20, yaani sentimita 2.5 kila nafasi. Leza nyingi za aina hii zina urefu wa wimbi (umbali kutoka kilele hadi kilele) wa karibu nanomita 650, yaani mita 0.00000065, angalia kibandiko. Zidisha urefu wa wimbi kwa umbali wa ukuta, gawanya kwa nafasi ile, vyote vikiwa katika mita: 0.00000065 mara 3, gawanya kwa 0.025. Jibu ni mita 0.000078. Unywele wangu ulikuwa na unene wa milimita 0.078. Kwa rula ya shule nilikuwa nimepima kitu ambacho rula hiyo haiwezi hata kukiona! Ukiuzungusha kidogo unywele na kupima tena, namba inaweza kubadilika, kwa sababu nywele za Kiafrika ni bapa kidogo, hazina mviringo kamili. Usifikiri umekosea. Andika namba zote mbili.

Baada ya hapo ndipo nilipoweza kurudi kwenye fumbo lenyewe bila hofu, na hapa nakuomba uende polepole. Novemba 1803, huko London, mwanasayansi Thomas Young alieleza jaribio linalofanana sana na hili: aliingiza mwale wa jua kupitia tundu dogo la dirishani na kuukatisha kwa ukingo wa kadi nyembamba, upana wake chini kidogo ya milimita moja. Akaona mistari ndani ya kivuli. Alipozuia mwanga wa upande mmoja tu wa kadi, mistari ikapotea, ingawa mwanga wa upande wa pili ulikuwa bado unapita. Kwa hiyo kuna mahali ukutani ambapo ukiongeza mwanga unapata giza. Mawimbi yanaeleza hilo: kilele kikikutana na bonde, vinafutana. Nimeyaona mawimbi mawili yakifanya hivyo ziwani Kivu, boti mbili zikipishana.

Lakini mwaka 1905 Einstein alipendekeza kwamba mwanga huja kwa vipande, zile chembe alizozitaja mwalimu. Mwaka 1909 kijana aitwaye Geoffrey Taylor, wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alichukua sindano, mwali wa gesi na vioo vilivyopakwa masizi, akaufifisha mwanga mpaka picha moja ikahitaji kama miezi mitatu kupatikana. Kwa mwanga hafifu namna ile, vipande viwili kukutana njiani ni nadra. Mistari ilijitokeza vilevile. Kipande kinachosafiri karibu peke yake kinafutana na nani?

Gawanya daftari lako kurasa mbili. Kushoto andika unachoweza kuhesabu: nafasi, unene, umbali. Kulia andika usichoweza kukiona kichwani: kipande kimoja, njia mbili. Kushoto kwangu kumejaa. Kulia kuna swali lilelile la siku ya hasira, na wanafizikia wenyewe bado wanabishana juu ya maana yake. Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba sina haki ya kujaza kushoto mpaka kulia kuishe.

Upande wa mabadiliko ya teknolojia, ambao unawatesa wenzangu wengi ("tunasomea nini, mashine itafanya yote"), tumia leza hiyohiyo. Mjomba wangu alikuwa na kibanda cha kuuza filamu za CD na DVD. Alifunga. Akaanza kuwawekea watu nyimbo kwenye kadi za kumbukumbu za simu. Na hiyo sasa inakufa. Aliniachia boksi zima la diski, nami nilikuwa nikiliona kama jeneza.

Chukua CD moja, isimamishe sentimita 50 kutoka ukutani ikiutazama, weka leza karibu na ukuta na upige upande unaong'aa. Nukta moja itarudi kwenye leza. Nukta ya kwanza ya pembeni itaanguka ukutani kama sentimita 22 kutoka hapo. Kwa DVD itaruka mbali zaidi, zaidi ya sentimita 90. Sababu ni njia za data, mistari myembamba ambamo data imeandikwa: kwenye CD zimeachana mikromita 1.6 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita), kwenye DVD 0.74. Kadiri njia zinavyobanana ndivyo mwanga unavyotupwa mbali, na ndivyo ilivyo kwa unywele: ukiwa mwembamba, nafasi zinapanuka.

Nilipofanya hivyo ndipo nikaelewa kibanda cha mjomba. CD ilisomwa kwa leza ya nanomita 780 na kubeba megabaiti 700. DVD ilitumia 650, rangi ya kikalamu changu, ikabeba gigabaiti 4.7. Blu-ray ikashuka hadi 405, ikafika 25. Wimbi fupi zaidi na lenzi kali zaidi, alama ndogo zaidi. Na ile kadi ya simu iliyofuata? Huhifadhi wimbo kwa kupitisha elektroni katika ukuta mwembamba ambao hazina nguvu ya kuuruka. Hilo nalo haliingii kichwani, kama kipande kimoja na njia mbili. Ukurasa wangu wa kulia ulikuwa ndani ya simu muda wote.

Akili mnemba naitumia bado, lakini baada ya namba yangu kuwa kwenye karatasi, na ninaiomba itafute kosa. Siku moja iliniambia unywele wangu ni milimita 0.78. Unene huo ni wa uzi wa kushonea magunia. Nilijua papo hapo, kwa sababu mistari ilikuwa bado ukutani mbele yangu.

Mama husuka nywele za watu nyumbani. Juzi alisimama mlangoni akanitazama nikihesabu gizani, akanipa kipande cha meshi, zile nywele bandia za kusukia. "Basi pima na hii. Muuzaji anasema iko sawa na nywele ya mtu." Tuliifunga kwenye boksi pamoja, yeye akashika uzi upande wa ukuta. Kutoka giza la nne hadi la nne: sentimita 28. Milimita 0.056. Mama akaniambia niliandike hilo na tarehe.