SOMO: Kuhamishia seva pepe kwenye hosti mpya bila kupoteza stoji (ESXi na iSCSI)

Wakuu, swali hili nimelijibu mara nyingi mno, kwa simu na inbox. Naliandika hapa mara moja. Kwa wageni: ESXi ni programu inayoendesha seva pepe kwenye hosti (kompyuta halisi), na iSCSI ni njia ya hosti kuifikia stoji kupitia mtandao.

1. Bekapu kwanza. Jaribu kuirejesha.

2. Kwenye hosti ya zamani, nakili IP za vmk (milango ya mtandao ya ESXi yenyewe), VLAN (mgawanyo wa mtandao) na MTU (ukubwa wa juu wa pakiti, kwa baiti).

3. Hosti mpya ina IQN yake (jina linaloitambulisha kwenye iSCSI). Iongeze kwenye orodha ya ruhusa ya stoji.

4. Tengeneza vmk mbili za iSCSI, kila moja na kadi yake ya mtandao.

5. MTU. Hapa niliungua. Niliweka 9000 kwenye vmk na kwenye stoji, swichi mpya nikaiacha 1500. Ping ya kawaida ikajibu, LUN zote (diski zinazotolewa na stoji) zikaonekana, nikajua kazi imeisha. Kuwasha seva ya hifadhidata, ikaganda. Njia za stoji zikawa zinakatika na kurudi mpaka alfajiri, watu wa mishahara wakanisubiri mlangoni. Ping ile ni pakiti ndogo, inapita popote. Mzigo wa data ndio unaokwama. Kwa hiyo weka MTU kwenye vSwitch (swichi pepe ndani ya hosti), vmk, swichi na stoji, kisha pima:

vmkping -I vmk2 -d -s 8972 [IP ya stoji]

Hiyo -d inazuia pakiti kukatwakatwa. Pima kila vmk kwa kila mlango wa stoji inaoufikia. Ikigoma hata mmoja, USIWASHE seva pepe yoyote.

6. Skani upya, hesabu njia za kila LUN, halafu hamisha moja moja, ukianza na isiyo na watumiaji wengi.

ONYO: ukiletewa chaguo la kufomati LUN ya zamani, acha. Data zenu zimo humo.

MASWALI

– Mkuu, hosti mpya haioni LUN hata moja. Msaada wa haraka.
– Hatua ya 3.
– Nimeshafanya!
– IQN uliyoweka ni ya hosti ya zamani, iko kwenye picha yako mwenyewe. Soma tena.

– Kwa nini 8972 na siyo 9000?
– Swali zuri sana. Kichwa cha IP kinachukua baiti 20, cha ICMP (itifaki ya ping) 8. Ukitoa 28 kwenye 9000 inabaki 8972. Swichi nyingi utaona zinafika 9216. Hiyo haina shida, kwa sababu yenyewe inabeba na vichwa vya Etheneti. Swichi ikizidi ni sawa, ikipungua ndiyo balaa.

– Nyongeza: wekeni lebo ncha zote mbili za kebo kabla ya kuchomoa.
– Kweli kabisa. Na njia A iwe bluu, B nyekundu, hata fundi wa zamu ya usiku asibahatishe.